Usasishaji Hauishi Pale Skrini Inaponyamaza

Jumatatu ya tarehe 7 Aprili 2014 ilikuwa Siku ya Karume. Ofisi zilikuwa zimefungwa, na habari za Heartbleed zilitufikia usiku tukiwa majumbani. Pengo lilikuwa ndani ya OpenSSL, maktaba ya programu ambayo seva nyingi duniani huitumia kuyafunga mazungumzo yao yasisomwe na wapita njia. Maktaba hiyo ina salamu yake ndogo: mteja anatuma neno, anataja urefu wake, na seva inalirudisha neno lilelile kuonyesha kwamba bado ipo. Mwongo alituma herufi moja, akadai kwamba ametuma elfu 64. OpenSSL haikuhesabu. Ilimrudishia ile herufi moja pamoja na chochote kilichokuwa kimelala jirani yake kwenye kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa kila salamu, na kwenye logi haukubaki hata mstari mmoja.

Jumanne niliwahi ofisini kabla ya wenzangu. Seva yetu ya barua pepe ilikuwa ya Debian 7. Niliandika apt-get update, kisha apt-get upgrade, nikaona kifurushi kipya cha OpenSSL kikishuka na kusimikwa, nikamwandikia mkuu wa idara kwamba tumeshaziba. Alhamisi kijana mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi alinigeuzia kompyuta yake akasema, "Kaka, hebu tazama hii." Alikuwa ameijaribu seva yetu kutoka nje. Skrini ilijaa herufi na namba zisizo na maana, na katikati yake, inasomeka waziwazi, anwani ya barua pepe ya dada mmoja wa uhasibu ikifuatwa na nywila yake.

Faili mpya ilikuwapo kwenye diski, hilo sikulidanganya. Lakini programu ya barua pepe ilikuwa imewashwa miezi mingi nyuma, na siku ile ilipowashwa ilipakia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. Kwenye Unix, kufuta faili hakuunyang'anyi mchakato kile ulichokwisha kukishika. Jina linatoka kwenye saraka, lakini yaliyomo yanabaki hai mpaka mchakato wa mwisho unaoyatumia uyaachie. Nilipoandika lsof na kutafuta libssl, mstari wa huduma yetu ulikuwa na herufi tatu, DEL, pembeni ya jina la faili. Maana yake faili imefutwa, na bado inatumika. Kuiwasha upya huduma ile kulichukua sekunde mbili. Zile siku mbili ambazo tuliamini tumeziba hazikurudi.

Watu wa Debian nao waliliona tatizo hilo. Baada ya tangazo lao la kwanza kuhusu Heartbleed walitoa la pili, lenye toleo la kifurushi linalokagua huduma zinazotumia OpenSSL na kupendekeza ziwashwe upya wakati uleule wa kusimika. Kama wao walihitaji tangazo la pili, wewe unayelinda seva peke yako katika shule, hospitali ya wilaya au chama cha ushirika usione aibu kuwa na utaratibu ulioandikwa. Nakuandikia wewe, kwa sababu najua hakuna mtu pembeni yako wa kukugeuzia kompyuta.

Ninachotaka ukishike ni hiki: kusasisha kuna hatua tatu, na amri ya apt inamaliza ya kwanza tu. Ya kwanza ni faili kwenye diski. Ya pili ni michakato inayokimbia. Ya tatu ni vitu vilivyotengenezwa au kuvuja wakati pengo lilipokuwa wazi: funguo, vyeti, nywila.

Hatua ya pili siku hizi ina msaidizi. Simika kifurushi kiitwacho needrestart. Kila apt inapomaliza kazi, chenyewe kinapita kwenye michakato yote, kinakutajia huduma zipi bado zimeshika maktaba za zamani, na kinakuambia kama keneli inayokimbia ni ile mpya au la. Keneli ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Unaweza kusimika keneli kumi kwa mwaka, na mashine ikaendelea kukimbia na ile ya kwanza mpaka siku umeme ukatike. Nimekutana na wasimamizi wanaojivunia seva iliyokaa siku 900 bila kuzimwa. Mimi nikisikia hivyo nasikia keneli ya siku 900, pamoja na mapengo yote yaliyotangazwa tangu hapo. Seva njema ni ile inayoweza kuzimwa usiku wa leo na kuamka yenyewe ikiwa na huduma zake zote. Kama unaogopa kuizima, hiyo hofu yenyewe ni tatizo, na ni afadhali ulishughulikie usiku unaouchagua wewe.

Kwa hatua ya tatu, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2008. Tarehe 13 Mei mwaka huo Debian walitangaza kwamba OpenSSL yao ilikuwa na kasoro tangu Septemba 2006. Mtunzaji wa kifurushi alikuwa ameondoa mistari iliyokuwa ikilalamikiwa na programu ya kukagua makosa, na kwa kufanya hivyo akaondoa karibu unasibu wote uliotumika kutengeneza funguo. Kilichobaki ni namba ya mchakato, na namba hizo hazizidi 32,768. Kwa hiyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na orodha fupi ambayo mtu mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kuitengeneza na kuijaribu yote. Sasa fikiria msimamizi aliyesasisha siku ileile na kulala. Programu yake ilikuwa nzima, lakini funguo zilizotengenezwa na ile mbovu zilikuwa bado zimekaa kwenye ~/.ssh za watumiaji, pamoja na seva nyingine zote walikozipeleka, hata zile ambazo hazikuwahi kuendeshwa na Debian. Ndiyo maana tangazo la usalama linasomwa lote, mpaka aya ya mwisho. Likisema tengeneza funguo upya, hiyo ni sehemu ya kiraka.

Sasa tuje kwenye kazi ya kila wiki.

Anza kwa kujua ulicho nacho. Chukua daftari, la karatasi au faili ya maandishi, uandike kila seva: jina, toleo la mfumo, huduma inazotoa, na kila programu ambayo haikutoka kwenye ghala rasmi la mfumo. Hiyo orodha ya mwisho ndiyo yenye maumivu. Programu uliyoishusha kama msimbo miaka mitatu iliyopita na kuijenga mwenyewe haitaguswa na apt hata siku moja. Imekaa kwenye /usr/local na wewe ndiye timu yake ya usalama. Wakati mwingine hakuna njia nyingine, najua. Lakini kila unapotaka kujenga programu mwenyewe, jiulize kwanza kama toleo la ghala, hata likiwa la nyuma kidogo, halitoshi. Mara nyingi linatosha.

Na hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Debian imara haikuletei matoleo mapya ya programu kila pengo linapopatikana. Inachukua kiraka peke yake na kukirudisha kwenye toleo la zamani, ili tabia ya programu isibadilike chini ya miguu yako. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilipotangaza pengo la OpenSSH lililoitwa regreSSHion, ilielezwa kwamba tiba imo kwenye toleo la 9.8. Wenye Debian 12 walitazama seva zao, wakaona 9.2, wakaingiwa na hofu, na wapo walioanza kushusha msimbo wa 9.8 waujenge kwa mkono. Hakukuwa na haja. Kiraka kilikuwa tayari ndani ya kifurushi 1:9.2p1-2+deb12u3, na habari yote iko kwenye ule mkia, deb12u3. Soma mkia wa namba. Mkaguzi wa nje akija na ripoti ya kurasa arobaini inayosema OpenSSH yako ni ya zamani, mfungulie orodha ya mapengo ya Debian umwonyeshe mkia huo. Si ubishi, ni kazi yako kumweleza.

Viraka vya usalama viache viingie vyenyewe. Kifurushi cha unattended-upgrades kipo kwa ajili hiyo, na kwa kawaida yake kinashughulikia zaidi ghala la usalama. Nimesikia hoja kwamba mashine isijibadilishe bila mtu kuwapo. Ningeikubali kama mtu huyo angekuwapo kweli kila siku. Kwa msimamizi mmoja mwenye seva sita, anayefundisha pia kompyuta kidato cha tatu na kutengeneza printa za ofisi ya mkuu, kiraka kinachoingia chenyewe saa kumi na mbili asubuhi ni salama kuliko kinachosubiri nafasi. Wewe kazi yako iwe kusoma logi yake, /var/log/unattended-upgrades, na kuwasha upya kinachohitaji kuwashwa.

Visivyo vya usalama fanya kwa mkono, kidogokidogo, mara kwa mara. Vifurushi vitano kila wiki vikileta tatizo, unajua wa kumtafuta ni mmoja kati ya watano. Mia nne baada ya mwaka mzima ni msitu.

Kabla ya kuandika amri, ingia kwenye tmux. Kwa mazingira yetu hili silifanyii mjadala. Mtandao wa simu ukikatika katikati ya kazi, ndani ya tmux kazi inaendelea kwenye seva, na ukirudi unaikuta ilipofika. Nje yake, dpkg inaweza kukatwa ikiwa imefungua kifurushi bila kumaliza kukipanga. Likikutokea hilo, au umeme ukakatika na betri ya akiba ikashindwa, usianze kufutafuta faili. Andika dpkg --configure -a, iache imalize ilichoanza, kisha apt --fix-broken install. Mara nyingi hiyo ndiyo tiba yote.

Katikati ya safari utaulizwa swali kuhusu faili ya mipangilio: umeibadilisha wewe, na kifurushi kimeleta mpya, ushike ipi? Watu hubonyeza Enter na kuendelea, na Enter inabakiza ya zamani. Hilo si kosa. Kosa ni kutorudi kuitazama. Bonyeza D kwanza uone tofauti. Kama tofauti ni mistari yako miwili tu, bakiza yako. Kama mpya imebadilika sana, bado unaweza kubakiza yako kwa muda, lakini ujue ile mpya imewekwa pembeni ikiwa na mkia wa .dpkg-dist, na ukichukua mpya, ya kwako imehifadhiwa kwa mkia wa .dpkg-old. Siku inayofuata, ukiwa umetulia na chai yako, zitafute hizo faili ndani ya /etc na uzioanishe moja moja. Seva nyingi nilizoitwa kuzifufua zilikufa kwa mistari ya mipangilio ambayo toleo jipya lilikuwa limeacha kuitambua, na faili ya .dpkg-dist ilikuwa imekaa palepale na jibu lake.

Ukigusa sshd, jaribu mipangilio kwa sshd -t kabla ya kuiwasha upya. Kisha ukiwa na kikao cha kwanza bado wazi, fungua cha pili kutoka kwenye kompyuta yako. Cha pili kikiingia, ndipo ufunge cha kwanza. Seva ikiwa iko Mbeya na wewe uko Dar es Salaam, dakika hiyo moja inaokoa safari ya basi ya siku nzima. Nginx nayo ina nginx -t, Apache ina apachectl configtest. Ziandike kwenye daftari.

Kuna na mambo ya kwetu ambayo miongozo ya Ulaya haiyataji. Mashine kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, ikiwaka baada ya umeme kurudi hudhani ni miaka kadhaa nyuma. Hapo apt inakataa ghala, ikidai kwamba faili zake bado hazijaanza kutumika, na msimamizi anahangaika na mtandao wakati kilichoharibika ni saa. Andika date kabla ya kitu kingine chochote. La pili ni gharama ya intaneti. Kama una maabara ya kompyuta thelathini za Debian, usizishushie vifurushi vilevile mara thelathini. Simika apt-cacher-ng kwenye seva moja, zielekeze nyingine zote kwenye mlango wake wa 3142, na kila kifurushi kitapita kwenye bando lako la intaneti mara moja tu. Sahihi za vifurushi bado zinakaguliwa na kila mashine yenyewe, kwa hiyo hupotezi usalama.

Kuhama toleo zima ni safari nyingine. Debian hutoa toleo imara takriban kila miaka miwili: la 11 lilitoka Agosti 2021, la 12 Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Kila toleo lina karibu miaka mitano ya ulinzi ukijumlisha ile ya timu ya muda mrefu, kwa hiyo hakuna anayekukimbiza. Lakini huruhusiwi kuruka. Kutoka 10 kwenda 13 unapita 11, kisha 12. Na soma maelezo ya toleo, kwa sababu kubadilisha jina tu kwenye sources.list hakutoshi. Waliohama kutoka 10 kwenda 11 na kubadilisha jina peke yake walipata kosa kwenye mstari wa usalama, kwa kuwa buster/updates ilikuwa imegeuka kuwa bullseye-security. Waliohamia 12 bila kuongeza sehemu mpya ya non-free-firmware waliacha kupokea viraka vya firmware za kadi zao za mtandao bila kuonyeshwa kosa lolote. Angalia pia nafasi ya diski, hasa /boot, na uwe na nakala rudufu ambayo umewahi kuijaribu kwa kuirudisha kwenye mashine nyingine. Ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Wenye FreeBSD wana raha moja ninayowaonea wivu: wakiwa na ZFS, wanaweza kutengeneza mazingira mapya ya kuwakia kwa bectl kabla ya kusasisha, na mambo yakiharibika wanarudi kwenye ya jana kwa kuwasha upya. Wenye OpenBSD wana syspatch na sysupgrade, amri mbili fupi, lakini matoleo yanayolindwa ni mawili ya mwisho tu na mapya hutoka kila miezi sita, kwa hiyo mvivu asiende huko. Na kama bado unashika CentOS 7, ulinzi wake uliisha tarehe 30 Juni 2024. Hakuna ushauri wa kusasisha ninaoweza kukupa hapo zaidi ya kuhama.

Nasikia swali: je, kama sasisho lenyewe limetiwa sumu? Swali la haki, maana lilitokea. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana faili iitwayo xz yalikuwa na mlango wa siri. Alichokiona kwanza ni kwamba kuingia kwa ssh kwenye mashine yake kulichelewa kwa nusu sekunde, naye hakulipuuza. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani, akimsaidia mtunzaji aliyekuwa akiibeba programu ile karibu peke yake. Debian imara haikuguswa; sumu iliishia kwenye matawi ya majaribio. Hilo ndilo jibu langu. Seva ya kazi ikae kwenye toleo imara, ambapo vitu vipya hupita mbele ya macho ya wengi kabla ya kufika kwako, na viraka vya usalama vichukuliwe mara moja.

Lakini tuwakumbuke watunzaji wa programu kama hizo. Heartbleed ilipotokea, OpenSSL iliyolinda mabenki ya dunia ilikuwa ikipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Sisi tunaotumia kazi yao bure tunaweza angalau kuripoti kasoro vizuri. Debian ina programu ya reportbug kwa ajili hiyo: taja toleo kamili, ulichokifanya, kilichotokea, na ulichokitarajia. Ripoti moja nzuri kutoka kwenye seva ya shule ina thamani ileile na ya kutoka kwenye kampuni kubwa.

Usiku wa leo, kabla hujalala, ingia kwenye seva yako. Andika uname -v, uone namba ya keneli inayokimbia. Kisha andika dpkg -l 'linux-image*', uone namba ya iliyosimikwa mwisho. Kama hazilingani, waarifu watumiaji wako, chagua usiku mmoja wa wiki hii, na uiwashe upya.